Sorry iliyoniponza

Nilikuwa nasukuma kigari cha chai kwenye korido ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, niliposikia kishindo bafuni. Hakikuwa kishindo kikubwa. Kilikuwa cha mtu mzima anayejitahidi kuanguka taratibu ili asisumbue watu. Nikaacha chai palepale, nikasukuma mlango, nikamkuta bibi wa chumba namba tisa ameketi sakafuni, miguu kainyoosha mbele, mkono mmoja bado umeng'ang'ania fremu yake ya kutembelea, utadhani anasubiri daladala. Kilichonitoka mdomoni kabla sijafikiri lolote kilikuwa hiki: "Sorry, sorry, sorry! Oh, sorry, mama!"

Naye akanijibu, "Sorry, duck."

Hapo ni Derby, katikati ya Uingereza, ambako watu wakimpenda mtu humwita bata. Wiki yangu ya kwanza kazini, mwaka 2022, nilirudi nikamwambia dada niliyepanga naye kwamba kuna mzee kaniita bata mara nne kwa siku moja na sijui nimemkosea nini. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilizoea. Hata sasa nikiingia duka ambalo hakuna anayeniita bata, najiona mgeni.

Bibi hakuvunjika. Nilibonyeza kengele, mwenzangu wa zamu akaja, tukamkagua kama tulivyofundishwa, tukamwinua kwa mashine, tukapaka dawa kiwiko kilichochubuka. Kisha nikarudi kwenye chai yangu iliyokwisha kupoa. Sorry zangu nne nikazisahau.

Siku tatu baadaye niliitwa ofisini. Meneja alikuwa na mgeni kutoka makao makuu, mwanamume mwenye kompyuta mpakato na sauti ya upole uliopitiliza. Ripoti ya tukio aliiandika mwenzangu, na ndani yake kulikuwa na mstari mmoja tu uliowakwaza: kwamba mfanyakazi, yaani mimi, alimwomba msamaha mkazi mara kadhaa. Yule mgeni aliniuliza kwa utaratibu mzuri: ulikuwa unaomba msamaha kwa kosa gani? Ulimwacha peke yake? Ulikuwa umemshika ukamwachia? Sakafu ilikuwa na maji na wewe unajua?

Nikamjibu kwa Kiingereza, na jibu hilo nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu limenichekesha mara nyingi tangu siku ile: nikamwambia sikuwa naomba msamaha, nilikuwa nasema sorry.

Kwa masikio ya Mwingereza hiyo ni sawa na kusema sikuwa nakula, nilikuwa natafuna na kumeza. Akaandika kitu kwenye kompyuta. Meneja akatazama dirishani. Nikaambiwa nisije zamu mbili zinazofuata wakati wanafuatilia.

Nilipofika nyumbani nilijiuliza hiyo sorry niliitoa wapi. Niliitoa Tanga, shule ya msingi, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na maandishi mazuri ubaoni. Aliandika safu tatu: "sorry", samahani, "excuse me", samahani, "pardon", samahani. Tulifurahi sana, maneno matatu na jibu moja, mtihani wa bure. Hakuna aliyeuliza kwa nini Waingereza wahangaike na matatu kama moja linatosha. Na hakuna aliyetuandikia pole ubaoni, maana pole haikuonekana kuwa na Kiingereza chake. Ila tukitoka nje ya darasa, mtoto akijikwaa kwenye mzizi wa mwembe, wale wa darasa la sita na la saba waliojiona wameelimika walimwambia "sorry". Wadogo tukaiga. Kwa hiyo neno nililifunzwa mara mbili kwa maana mbili, darasani na chini ya mwembe, na nikasafiri nalo hadi Ulaya bila kujua kwamba nimebeba mizigo miwili kwenye begi moja.

Pole ya kwetu haimtafuti mwenye kosa. Aliyetoka safari anapewa pole. Aliye kazini anapewa pole na kazi, hata kama kazi yenyewe inamlipa vizuri kuliko wewe unayempa. Anayeuguza, aliyefiwa, aliyeibiwa, aliyepaliwa na chai. Mtu akiteleza ng'ambo ya pili ya barabara, mimi huku ng'ambo nitapaza sauti nimpe pole, na hakuna askari atakayenifuata kuniuliza nilikuwa wapi gari lilipopita. Na yeye ana jibu lake tayari, limekaa kinywani tangu utotoni: nimeshapoa. Maumivu ni moto, neno lako ni maji, na heshima ni kukubali kwamba maji yamefika hata kama bado kunawaka.

Kitu kimoja sikuwahi kukigundua mpaka nilipokaa zamu mbili nyumbani bila kazi. Pole tunaitoa. Tunampa mtu pole, tunampelekea pole, tunamfikishia pole za jirani. Samahani haitolewi na aliyekosa, anaiomba. Anayo yule mwingine, naye anaweza kukunyima. Mtoa pole anakwenda na kitu mkononi; muomba samahani anakwenda mikono mitupu. Mwingereza kaviweka vyote viwili katika neno moja fupi, halafu anategemea sauti, uso na mahali ulipokuwa umesimama ndivyo viamue ni kipi kati ya hivyo ulichomaanisha. Mimi nilikuwa nimesimama bafuni.

Niliporudi kazini habari ilikuwa imeshazagaa kwenye chumba cha mapumziko. Tulikuwa watatu pale: mimi, dada mmoja wa Bukavu ambaye salamu yake ya kuingia zamu ni "pole na kazi", na mama mmoja wa Ibadan, Nigeria, mwenye sauti inayofika jikoni. Yule mama alisikiliza kisa changu chote, akaweka kijiko chini, akasema kwamba na yeye yalimpata, hospitali nyingine, mwaka wake wa kwanza. Kwao mtu akijikwaa humwambia "pẹlẹ". Ukitaka kumwambia mtu afanye jambo taratibu, unasema "pẹlẹpẹlẹ". Wakisema Kiingereza, "pẹlẹ" inageuka "sorry", kama yetu.

Mimi na Mkongo tulitazamana. Pole, polepole. Pẹlẹ, pẹlẹpẹlẹ. Yule mama akataka palepale tukubaliane kwamba sisi ni ndugu wa tumbo moja. Kiyoruba si lugha ya Kibantu, na maneno mawili kufanana sura si ushahidi wa udugu, ila siku ile sikuona sababu ya kumharibia chakula. Kilichonigusa ni kingine: watu wa pande mbili za bara, wasiojuana, wamelichukua neno la Mwingereza na kulijaza maji yaleyale. Mpaka nikajiuliza kama ni sisi tuliokosea, au ni yeye aliyesahau.

Ndipo nikaenda maktaba ya mji. Nilikuwa na kadi tayari, niliikata kwa ajili ya kompyuta za bure. Kwenye rafu ya kamusi kubwa, zile unazozishika kwa mikono miwili, nikafungua herufi ya S.

"Sorry" ilianza kama "sārig", katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Imetokana na "sār", maumivu au kidonda. Ndugu yake wa damu aliyebaki hai leo ni "sore", ile tunayoiandika kila siku kwenye daftari za wakazi: "sore" ya mgongo, "sore" ya kisigino. Mtu "sārig" alikuwa mtu mwenye maumivu, basi. Hakuwa mkosaji. Kumwambia mtu uko hivyo kwa ajili yake ni kumwambia kwamba kidonda chake kinakuuma wewe.

Nilisoma mstari huo nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta kiti nikausoma tena.

Nilichodhania ni kwamba "sorry" na "sorrow", huzuni, ni mtu na dada yake. Nani asingedhani? Siyo. "Sorrow" imetokana na neno jingine kabisa, "sorg", lenye maana ya huzuni na mashaka, na Mjerumani bado analo: "Sorge". Hayo mawili yalikulia mtaa mmoja, yakazoeana, yakafanana, mpaka "sorry" ikabadilisha irabu yake ili ilingane na mwenzake. Ingefuata njia yake yenyewe ingetamkwa kwa "o" ndefu kama ile ya "sore". Ni kama watoto wawili wa majirani waliokula sahani moja miaka na miaka hadi wageni wakawaita mapacha. Nikamkumbuka mama wa Ibadan na kijiko chake.

Mjerumani naye ana kichekesho chake. Neno lake la "sana" ni "sehr", nalo ni la ukoo uleule wa "sār". Zamani lilikuwa na maana ya maumivu. Mtu aliumwa kwa maumivu, akapenda kwa maumivu, akachoka kwa maumivu, mwisho maumivu yakaisha nguvu ikabaki "sana" peke yake. Sisi tukisema "pole sana" tunadhani "sana" ni chumvi tu ya kukolezea.

Kwa karne nyingi neno liliendelea kuwa la maumivu na la unyonge. Katika tamthilia ya Macbeth, Shakespeare anamfanya muuaji atazame mikono yake yenye damu aseme kwamba hayo ni mandhari "sorry". Haombi msamaha, aliyekufa hayupo wa kuombwa. Anasema ni ya kusikitisha kutazama. Maana hiyo ipo hadi leo: nyumba iliyochakaa iko katika hali "sorry", na kisingizio kibovu ni kisingizio "sorry". Ile "sorry" inayosimama peke yake, ya kumkanyaga mtu mguu na kupita, ni mtoto wa juzi. Ni kifupisho cha sentensi nzima kilichoshika kasi karne ya 19.

Hata neno zito la kuomba msamaha, "apology", lilikoanzia halikuwa na toba. Ni la Kigiriki, na lilikuwa hotuba ya mshtakiwa kujitetea. Socrates alipopandishwa kizimbani Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, utetezi wake unaitwa hivyo hadi leo, naye hakuomba msamaha hata kidogo. Alipotiwa hatiani akaulizwa apendekeze adhabu inayomfaa, alipendekeza kwanza alishwe bure kwa gharama ya mji. Wakampa sumu. Yule bwana wa kompyuta angemwandikia ripoti ndefu.

Basi nikaanza kuzisikiliza sorry za Derby kwa sikio jingine. Nilizihesabu siku moja kwenye basi kwenda kazini nikaacha, zilikuwa nyingi mno. Ukimkanyaga Mwingereza, anasema "sorry" yeye aliyekanyagwa. Akiwa hakukusikia, anasema "sorry?" na sauti inapanda mwishoni, maana yake rudia. Anayetaka kupita kati yako na rafu ya maziwa dukani anasema "sorry". Na anayeanza sentensi kwa "sorry, but", hapo ndugu yangu shika pochi yako vizuri, ugomvi uko njiani. Hiyo ndiyo sorry pekee isiyo na sorry ndani yake.

Lakini za yule bibi ndizo zilizonikaa. Alikuwa na miaka 88, alifanya kazi kiwandani ujana wake wote, akalea watoto, akamzika mume. Sasa akitaka maji ya kunywa alianza kwa "sorry". Akitaka kwenda chooni usiku, "sorry, duck". Nikimvua soksi, nikimwosha mgongo, nikimbadilisha shuka, zilimtoka moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu tasbihi. Sorry kwa usumbufu. Sorry kwa uzito wangu. Kwetu mtu mzima wa umri ule hamwombi msamaha anayemwosha. Sisi ndio tunaoshukuru kwa kupata radhi zake. Mwanzoni nilikuwa namwambia hapana, hapana, hakuna kosa. Hakutulia. Siku moja nikachoka kubishana nikamjibu kwa neno lake mwenyewe: "Sorry, mama." Kwa maana ya chini ya mwembe. Akanyamaza, akaniachia mgongo wake niuoshe. Kwa hiyo siku ile ya sakafuni, alipoanguka na mimi nikamwaga sorry nne, yeye hakusikia mtu anayekiri kosa. Alisikia mazungumzo yetu ya kila siku. Aliyesikia kosa ni karatasi.

Kesi yangu iliisha baada ya wiki mbili. Kamera ya korido ilinionyesha na kigari changu cha chai, mbali na mlango wa bafuni, wakati wa kishindo. Barua ikaja kwamba sina la kujibu. Ila, iliendelea barua, nitahudhuria mafunzo ya mawasiliano.

Mafunzo yalikuwa ya saa mbili, na mkufunzi alikuwa mama mcheshi aliyetumia nusu ya muda wake kutueleza kwamba hofu ya ofisi nyingi ni ya bure. Ipo sheria ya mwaka 2006 inayohusu madai ya fidia, na kifungu chake cha pili kinasema wazi kwamba kuomba msamaha peke yake si kukiri uzembe. Tena tangu 2014 kwa hospitali za umma, na tangu Aprili 2015 kwa nyumba kama yetu, kuna kanuni inayolazimisha: mtu akidhurika vibaya mikononi mwetu, tumwambie ukweli na tumwombe msamaha. Ni lazima, siyo hiari. Kanuni yenyewe imefafanua maana ya "apology": ni kueleza "sorrow" au "regret", huzuni au majuto, kuhusu tukio hilo. Nikaandika maneno hayo mawili kwenye daftari bila kujua kwamba nitayasikia tena kabla mwaka haujaisha.

Kisha mkufunzi akatufundisha namna ya kusema. Usiseme sorry nimefanya hivi, kama hukufanya. Mtazame machoni, sema kwamba unasikitika kwa lililomfika. Akatupanga wawili wawili tufanye mazoezi. Nikamtazama mwenzangu, kijana wa Kipolandi, nikamwambia nasikitika kwa lililokufika, naye akaniambia anasikitika kwa lililonifika. Yaani walinifundisha pole. Kwa Kiingereza, kwa saa mbili, na cheti nikapewa.

Miezi miwili baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alikuwa Nairobi. Runinga ya sebuleni huwa haizimwi pale, na jioni ile ilikuwa inaonyesha dhifa ya Ikulu. Nilikuwa nagawa dawa. Mfalme alizungumza juu ya yaliyotendwa na Waingereza wakati Wakenya walipopigania uhuru wao, akasema hayana kisingizio, na kwamba maovu ya zamani ni chanzo cha "sorrow" kubwa na "regret" kuu. Nikasimama na kikombe cha vidonge mkononi. Nilikuwa na maneno hayo mawili kwenye daftari langu.

Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika la kiraia, ilikuwa imemtaka kabla ya ziara aombe msamaha waziwazi. Hakuomba. Miaka kumi kabla, Juni 2013, waziri wa mambo ya nje William Hague alikuwa amesema bungeni London kwamba serikali inajutia mateso yaliyowapata Wakenya, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na katika taarifa hiyohiyo akasema Uingereza inaendelea kukana kwamba ina wajibu kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Fedha zilitoka na majuto yakatoka. Kilichobaki nyumbani ni neno lenyewe.

Bibi wa chumba namba tisa alikuwa kwenye kiti chake, macho nusu yamefumba. Akaniuliza kama mfalme amesema "sorry". Nikamwambia hapana, amesema "sorrow".

"Same thing, duck," akasema. Bata, ni kitu kilekile.

Nilitaka kumweleza habari za kamusi. Nilitaka kumwambia kwamba hata damu hazichangii, moja ya kidonda na nyingine ya mashaka, na kwamba wanaoandika hotuba za mfalme wanajua vizuri sana kuchagua ile isiyo na mdomo wa kuomba. Na nilitaka kumwambia mkanganyiko wenyewe ulivyo mtamu: kwa kanuni ya nyumba yetu ya wazee, alichosema mfalme ni msamaha kamili, kingepita ukaguzi. Kwa aliyewekwa kizuizini wakati wa Mau Mau, ni pole. Ni pole nzuri, kutoka kwa mtu aliyesafiri kuileta, na pole si haba. Ila ni pole inayotolewa na mwenye nyumba iliyotoka moto. Nikampa vidonge vyake na maji. Akasema sorry.

Kesho yake, Novemba 1, nikiwa kwenye basi, simu ikaniletea picha za Songea. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa kwenye makumbusho ya Majimaji, amekaa na wajukuu wa Chifu Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906. Yeye aliomba. Alisema anaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Sikuhitaji kamusi hapo: kitenzi chake kilikuwa kuomba, kama chetu. Baadaye nilimuuliza muuguzi mmoja wa kwetu kazini aliyesoma Berlin, akanieleza kwamba Mjerumani ana milango miwili kama sisi. Akitaka kutoa pole husema maneno yenye maana ya "inaniuma". Akitaka kuomba samahani husema "Entschuldigung", na ndani yake kuna "Schuld", neno ambalo kwao ni hatia na pia ni deni. Anaomba umfungue deni. Kama deni hilo la Songea litalipwa, na kwa kitu gani, hayo ni mengine, na watu wa Songea wana midomo yao. Mimi niliona tu kwamba siku mbili zilizofuatana, wakubwa wawili wamekwenda nchi mbili jirani, na mmoja kachukua mlango huu, mwingine ule.

Nilijiona nimeelimika. Nilipiga simu nyumbani nikamsimulia baba yote hayo, "sārig" na Socrates na bata, naye alicheka kwa kukohoa. Alikuwa anaumwa tangu Ramadhani. Akaniuliza nakuja lini. Nikamwambia Desemba, inshallah.

Desemba sikwenda. Zamu za sikukuu hulipa zaidi, na nilikuwa na deni la nauli ya kwanza ambalo nilitaka liishe. Nikasema Machi. Baba akafariki Februari, alfajiri, na kwetu maiti hailali. Alizikwa baada ya adhuhuri. Wakati wanarudi kutoka makaburini mimi nilikuwa bado natafuta tiketi kwenye simu, najua kabisa kwamba hakuna ndege ya kuniwahisha popote.

Kazini walinipa kadi iliyosainiwa na watu kumi na wawili. Wote wameandika "sorry", na sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Bibi wa chumba namba tisa alinishika mkono akaniambia "sorry, duck", na kwa mara ya kwanza nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nimeshapoa. Alitikisa kichwa kama aliyeelewa.

Jioni nikampata mama kwenye simu. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake na masufuria. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimepanga maneno. Hayakuja. Likaja lile lililozoea kuja.

"Sorry, mama."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Sori ndiyo nini, mwanangu?" akasema. "Unanipa pole au unaniomba radhi?"

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma, sare ya kazi bado mwilini, mvua nyepesi inanyesha.

"Yote mawili, mama."

"Basi anza na moja," akasema. "Nakusikiliza."